Maji ya tanki la samaki wa baharini nyumbani: jinsi ya kufikisha TDS sifuri ukiwa Dar, Mombasa au kwingine pwani

Ukikaa pwani ukasema unatafuta maji ya tanki la samaki wa baharini, swali la kwanza utakaloulizwa ni bahari si ile pale, unahangaika nini? Swali lenyewe lina maana, maji ya Bahari ya Hindi yana chumvi kama gramu 35 kwa kila kilo moja ya maji na ndo kiwango hichohicho tunachokitaka kwenye tanki. Shida iko kwenye mvuke. Tanki linapoteza maji kila siku, na mvuke unaondoka na maji matupu, chumvi inabaki ndani. Ukirudishia maji ya bahari chumvi inapanda tu, kwahiyo lazima urudishie maji yasiyo na chumvi, na hayo maji ya kurudishia ndo yanayoharibu matanki ya watu taratibu mpaka mtu anaanza kulaumu chakula, mara taa, mara samaki aliuziwa mgonjwa.

Piga hesabu. Tanki la lita 200, joto la Dar, feni inapuliza juu ya maji, tuseme unapoteza lita 4 kwa siku. Ukirudishia maji ya bomba yenye TDS 400 (TDS ni jumla ya vitu vilivyoyeyuka kwenye maji, miligramu kwa lita), kila lita inaingiza miligramu 400 za vitu vilivyoyeyuka, maana yake gramu 1.6 kwa siku, gramu 48 kwa mwezi. Na hizo gramu 48 sio chumvi ya bahari, ni mchanganyiko wa chokaa, silika (madini ya mchanga), naitreti, pengine na shaba ya kwenye koki za nyumba, na hakuna hata kimoja kinachotoka na mvuke. Silika inalisha ule utando wa kahawia unaofunika mchanga na vioo, naitreti na fosfeti zinalisha mwani, shaba inaua kamba na konokono, na matumbawe yanajikunja hayafunguki tena. Samaki mwenyewe ni mvumilivu, anaweza akadunda tu, ila ukitaka matumbawe hakuna njia ya mkato.

Anza na kipimo, sio mashine

Nunua kipimo cha TDS kabla ya kitu kingine chochote. Ni kile kidude kama kalamu, unachovya kwenye maji kinakupa namba, bei yake ni ndogo ukilinganisha na vitu vingi utakavyonunua kwenye hobi hii. Kinapima jinsi maji yanavyopitisha umeme alafu kinakadiria vilivyoyeyuka. Ujue mipaka yake lakini: hakioni klorini vizuri, silika inakipita kirahisi, na bakteria hakiwaoni kabisa. Ila kwa kujua mashine inafanya kazi au imechoka, hakuna kingine rahisi kama hiki.

Pima maji ya nyumbani kwako mara kadhaa, asubuhi, jioni, siku ya mvua, siku ambayo maji yamekatika ukanunua ya boza. Dar maji ya mamlaka mengi yanatoka mto Ruvu, mvua zikinyesha yanakuja na tope na yanakuwa yametiwa klorini, ila TDS yake kwa kawaida sio mbaya. Maji ya kisima ni habari nyingine, maeneo mengi ya karibu na bahari kisima kina chumvi, utapima ukute namba ya maelfu. Mombasa ni hivohivo, ya mfereji kutoka Mzima na Baricho ni kitu kimoja na ya kisima cha nyumbani ni kitu kingine, na yule wa mkokoteni hajakwambia madumu yake kayajaza wapi. Walioko Muscat au Dubai wasidanganyike kwamba kwao maji ya bomba yanatoka kwenye mitambo ya kuondoa chumvi basi yako tayari, yale hurudishiwa madini kabla ya kusambazwa kwahiyo na nyie mnapima tu.

Andika namba yako mahali, ndo itakayoamua ununue nini.

Maji ambayo watu wanayaamini na hayafai

Ya kuchemsha: hayafai, kuchemsha kunaua vijidudu, lakini silika na shaba ziko palepale, tena maji yakipungua sufuriani zinazidi kuwa nzito.

Maji yanayodondoka kwenye AC: haya yanapendwa sana kwa sababu TDS yake ni ndogo na watu wanayatumia kwenye pasi na betri, ila yamepita juu ya koili za shaba na alumini zenye vumbi la miaka, usiweke.

Mvua: ukikinga kutoka kwenye bati unakinga na zinki yake. Ukikinga angani moja kwa moja mbali na moshi wa mjini sawa, lakini nani anapata lita 30 kila wiki kwa njia hiyo, na kiangazi je?

Maji ya betri: mengine ni safi kweli, shida ni kwamba lebo nyingi hazikwambii yametengenezwaje na kwenye rafu hiyohiyo kuna chupa za asidi. Ya chupa ya kunywa nayo, soma lebo, mengi yana madini, hayafiki sifuri.

Na dawa ya kuondoa klorini inaondoa klorini tu. Namba ya TDS haishuki.

Tanki dogo: nunua maji ya kujaza, malizia mwenyewe

Kama tanki lako halizidi lita 80 hivi sioni sababu ya kufunga mashine ukutani. Siku hizi kila mtaa una duka la kujaza maji ya kunywa kwa dumu, na mengi yanatumia mashine ya RO, ile inayosukuma maji kwa presha yapite kwenye utando mwembamba unaozuia chumvi, utando wenyewe unaitwa membreni. Nenda na kipimo chako, omba maji kidogo kwenye kikombe, pima palepale (watakuangalia vibaya mara ya kwanza, baadaye wanazoea). Ukikuta 10 au 30 hilo duka ni lako. Ukikuta 150 wanaongeza madini au membreni yao imechoka, shukuru uondoke. Na usimalize kwa kupima siku moja ukaamini milele, pima kila unapokwenda.

Hizo 10 au 30 zilizobaki unazimaliza na resini ya DI, chembechembe ndogo zinazonasa vilivyobaki kuyeyuka kwenye maji. Nunua hauzing moja ya filta (lile kopo linaloshika filta) na resini iliyochanganywa, weka dumu juu ya kabati, mpira mdogo ushuke mpaka kwenye hauzing, maji yaingie kwa chini yatokee juu taratibu kabisa. Usiharakishe, maji yakikimbia hayakai na resini muda wa kutosha. Yakitoka pima, inatakiwa 0. Kwa njia hii resini inadumu kwa sababu kazi kubwa imeshafanywa na duka.

Tanki kubwa: mashine ya RO, na jinsi ya kuigeuza ya jikoni

Mashine zilizotengenezwa mahsusi kwa ajili ya matanki ni ngumu kupata huku na ukiagiza nje usafiri unaumiza. Zinazopatikana Kariakoo na maduka ya vifaa vya maji ni zile za jikoni, filta tano au sita, pampu ndogo ya volti 24, tanki la chuma la kuhifadhia chini ya sinki. Ndani ni teknolojia ileile. Ila usiifunge kama fundi anavyofunga kwa ajili ya maji ya kunywa, maana fundi atafunga kila kitu kilichomo kwenye boksi na vitu vitatu kati ya hivyo wewe huvitaki.

Cha kwanza ni filta ya madini ya mwisho, wengine wanaiita alkalini. Kazi yake ni kurudisha chokaa na magnesiamu ili maji yawe matamu mdomoni. Yaani unalipia kuondoa alafu unalipia kurudisha. Ng'oa.

Cha pili ni ile filta nyembamba ya kaboni ya baada ya membreni, ni ya kuondoa ladha tu, nayo ng'oa, mahali pake unaweka hauzing ya resini ya DI.

Cha tatu ni tanki la presha. Linapojaa linasukuma nyuma dhidi ya membreni, na membreni ikisukumwa nyuma maji yanakuwa machache na chumvi inayopenya inakuwa nyingi. Maji yako yatoke yenyewe huru kwenye ndoo kubwa au pipa. Taa ya UV kama ipo iache tu, haina hasara haina faida.

Kwahiyo mpangilio unaobaki ni huu: filta ya uchafu ya mikroni 5, kaboni, kaboni tena kama ipo, pampu, membreni, resini, pipa. Kwenye baadhi ya mashine pampu inakaa kabla ya kaboni, haina shida ilimradi filta ya uchafu inaitangulia. Ila kaboni isikae baada ya membreni tu ukadhani inatosha, klorini inakula membreni, ukiiruhusu ifike pale membreni inaoza kimyakimya na TDS inaanza kupanda wiki hadi wiki. Maji yenye tope la masika nayo yanaziba filta ya kwanza haraka, ukiiona imekuwa rangi ya udongo usisubiri miezi sita iliyoandikwa kwenye boksi, badilisha.

Sasa presha, hapa ndo wengi wa huku tunakwama na miongozo ya nje haisemi kwa sababu wao bomba lao lina presha muda wote. Membreni ya kawaida ya galoni 75 kwa siku, ambayo ni lita 284 hivi, inatoa kiasi hicho ikipata psi 50 (psi ni kipimo cha presha) na maji ya nyuzi 25. Simtanki lako likiwa juu ya mnara wa mita 6 linakupa psi 8.5 tu, kwa sababu kila mita 10 ya kimo ni kama psi 14. Kwa psi 8 membreni inalia machozi, utapata matone na hayo matone yenyewe TDS yake iko juu. Ndo maana pampu ni lazima, usikubali kununua mashine isiyo na pampu eti kwa sababu ni ya bei nafuu. Kama kisima chako kina TDS 2,000 ongeza na hili, chumvi yenyewe inavuta maji nyuma kwa kadirio la psi 1 kwa kila TDS 100, yaani psi 20 zimeshaliwa kabla kazi haijaanza.

Joto nalo. Simtanki jeusi saa nane mchana maji yake ni ya moto, membreni itatoa maji mengi zaidi ila itapitisha na chumvi zaidi. Washa mashine alfajiri au usiku. Na umeme ukikatika katikati ya kazi hakuna kilichoharibika, ila ukirudi mwaga lita ya kwanza, sababu yake naieleza hapo chini.

Kuwasha mara ya kwanza

Kabla hujaunganisha kaboni na membreni, ondoa membreni pembeni uache maji yapite kwenye kaboni mpya mpaka yatoke meupe, ule unga mweusi ukiingia kwenye membreni unaiziba. Alafu weka membreni, sukuma mpaka uhisi imekaa kwenye kiti chake, wengi wanaoniambia mashine haishushi TDS unakuta membreni imekaa nusu, maji yanapita pembeni. Resini usiunganishe bado. Endesha saa moja hivi maji yote yaende kwenye sinki, membreni mpya inakuja na dawa ya kuihifadhi na hutaki hiyo dawa iishie kwenye resini. Baada ya hapo unganisha resini, mtiririko chini kwenda juu.

Mashine ina paipu mbili za kutoka, moja maji safi na moja maji machafu, na kwa kila lita moja safi utamwaga tatu au nne chafu. Usiikaze ile paipu ya maji machafu ukidhani unabana matumizi, kile kizuizi kidogo kilichomo ndo kinacholeta presha na ndo kinachosafisha membreni, kama hakilingani na membreni utaua membreni. Weka ndoo, maji yale yanafaa kudekia, choo, hata kufulia. Kwenye maua mwagilia tu kama chanzo chako ni cha bomba, ya kisima cha chumvi yakishapita kwenye mashine yanakuwa na chumvi zaidi ya mwanzo, yataunguza mimea.

Pima sehemu tatu

Pima yanapoingia, yanapotoka kwenye membreni, yanapotoka kwenye resini. Mfano 400 yanaingia na 12 yanatoka kwenye membreni, hiyo ni asilimia 97 imezuiwa, membreni nzima kabisa. Ukiona inashuka mpaka asilimia 90, kwanza angalia presha na kiti cha membreni, alafu ndo ufikirie kununua nyingine. Baada ya resini namba inatakiwa iwe 0. Sio 3, sio "karibu". Resini inapoanza kuchoka vitu inavyoviachia vya kwanza ni vile ilivyovishika kwa udhaifu, silika ikiwemo, na kipimo chako hakioni silika vizuri, kwahiyo ukiiona 2 ujue tayari kuna kitu kinapita usichokiona. Nyingine zinabadilika rangi kadri zinavyoisha, ukinunua hiyo weka hauzing ya wazi uione, ila namba ndo mwamuzi.

Ile lita ya kwanza: mashine ikisimama, chumvi ya upande mchafu wa membreni inahamia taratibu upande msafi. Ukiwasha, maji ya mwanzo yanatoka na TDS kubwa kuliko kawaida. Ukiyapeleka kwenye resini kila siku unaila resini bure. Weka koki ndogo kati ya membreni na resini uyatoe hayo pembeni dakika moja mbili. Kwa sababu hiyohiyo ni bora utengeneze maji mengi mara moja kwa wiki kuliko lita mbili mbili kila siku.

Kuna wenye visima wanalalamika resini inaisha haraka wakati membreni iko vizuri. Mara nyingi ni kabonidayoksaidi iliyoyeyuka kwenye maji ya kisima, ni gesi, membreni haiizuii, kipimo hakiioni vizuri, resini inajaa nayo. Dawa yake ni kuyaacha maji ya RO kwenye pipa na pampu ya hewa usiku mzima kabla ya kuyapitisha kwenye resini. Kama kisima chenyewe kina TDS ya maelfu mimi ningenunua tu maji ya boza yenye namba ndogo nijaze simtanki, hesabu ya resini na membreni itakushinda.

Kuhifadhi

Pipa la plastiki la chakula lenye mfuniko. Sio dumu lililokuwa na mafuta ya kula wala la kemikali hata ulioshe vipi. Maji ya TDS 0 yana njaa, yananyonya chochote yanachogusa, kwahiyo hakuna koki ya shaba wala kiungo cha chuma popote baada ya membreni, plastiki tupu. Weka boya la kufunga maji pipa likijaa, sio unaweka alamu ya simu alafu unapitiwa na usingizi, nyumba ya kupanga jirani wa chini hatakuelewa. Na usihangaike kupima pH ya haya maji, namba itacheza tu haina maana yoyote kabla ya chumvi.

Kutengeneza maji ya chumvi

Unapobadilisha maji una njia mbili. Ukitumia chumvi ya akwariamu, jaza maji kwanza alafu mimina chumvi taratibu huku pampu inazungusha, ukifanya kinyume, maji juu ya rundo la chumvi, chokaa inaganda na haitayeyuka tena. Inakwenda gramu 35 mpaka 40 kwa lita kutegemea aina, soma mfuko. Zungusha mpaka yawe meupe kabisa, ikiwezekana mpaka kesho yake, alafu pima na refraktomita (kipimo cha chumvi), unatafuta 35 au uzito linganishi wa 1.025 hadi 1.026. Chumvi ya jikoni haifai, na ya mashamba ya Bagamoyo au Gongoni haifai pia hata kama imetoka baharini, maji yanapokauka kwenye mabwawa chokaa inatangulia kuganda na magnesiamu inabaki kwenye maji ya mwisho yanayomwagwa, unachobaki nacho karibu chote ni chumvi ya kula.

Ya pili ni kuchota baharini, na mimi naipenda hii kwa sababu ni bure na ni maji halisi. Chota maji yakiwa yamejaa kabisa na kutulia, kabla hayajaanza kupwa. Kaa mbali na midomo ya mito na mifereji, Msimbazi usisogee, Kurasini na Kilindini kuna meli na mafuta. Masika usichote kabisa na mvua kubwa yoyote ikinyesha subiri siku kadhaa. Ukipata mwenye boti akutoe nje ya miamba ndo bora zaidi. Nyumbani chuja na kitambaa cha filta, weka kwenye pipa gizani na pampu ya hewa wiki mbili tatu, tope litulie, kisha chota ya juu. Pima chumvi kabla ya kutumia, ikiwa juu shusha na maji yako ya TDS 0.

Kurudishia kila siku

Weka alama ya kalamu kwenye kioo pale maji yanapotakiwa kufika. Kila asubuhi rudishia mpaka kwenye alama, maji ya 0 matupu bila chumvi, mimina sehemu yenye mkondo mkali sio juu ya matumbawe. Ukisafiri tafuta boya la kujaza lenyewe, ila chombo chake kiwe kidogo, lita 10 tu kwa tanki la 200, ili likigoma likamwaga yote chumvi ishuke kidogo tu na isiue kitu.

Vipuri vya kuwa navyo ndani muda wote: filta ya uchafu mbili, kaboni moja, resini ya kujaza mara moja iliyofungwa vizuri isikauke. Membreni ukiitunza inafika miaka miwili mitatu, usinunue ya akiba, ila ukiitoa kwenye maji iweke kwenye mfuko uliofungwa na unyevu wake, ikikauka imekwisha.